Mteja Akitaka Kukulipa, Simu Yake Inaonyesha Jina la Nani?

Ni saa mbili na nusu usiku. Mteja yuko Mikindani, ametoka kazini, wali uko motoni, simu iko mkononi. Shangazi yake amemtumia picha ya madera aliyoyaona kwenye stetasi ya muuzaji mmoja wa Mtopanga. Dera la zambarau limemkaa moyoni. Bei imeandikwa, shilingi 1,200. Anauliza, "Habari dada, la zambarau bado lipo?" Lipo. Anatumiwa namba ya kulipia. Anaingiza namba, anaingiza kiasi, na kabla pesa haijatoka simu inamwonyesha jina la anayelipwa. Ni jina la mwanamume. Hamjui, na halifanani hata herufi moja na jina la duka lililoandikwa kwenye picha.

Anasita, anafuta. Anaandika, "Sawa dada, nitakurudia." Harudi.

Kule Mtopanga muuzaji anabaki akihesabu makosa yasiyo yake. Labda bei iko juu. Labda picha haikutoka vizuri. Kesho yake anashusha mpaka 1,000, anapunguza faida yake mwenyewe, na bado watu wanauliza, wanaomba namba, wanapotea. Kumbe bei haikuwa na shida. Laini anayopokelea pesa imesajiliwa kwa kitambulisho cha kakake, na hakuna mteja aliyeambiwa mapema.

Mfano huu tumeutunga, lakini kama unauza kwa simu huku kwetu nje ya kisiwa, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, basi jambo lenyewe ushaliona, kwa upande wa muuzaji au wa mnunuzi. Watu wa matangazo wakizungumza kuhusu chapa ya biashara mtandaoni huanza na nembo, rangi na video. Sisi tunashughulika na malipo, kwa hiyo tutaanzia pale mteja anapoamua kama pesa yake itoke au isitoke.

Abdulla hajawahi kuwa na intaneti

Ukivuka uende kisiwani, Mtaa wa Biashara, maarufu Biashara Street, utakuta leso zimetandazwa duka baada ya duka. Angalia mama anayejua leso anavyochagua. Kwanza anaona rangi, kisha anasoma jina, yale maneno yaliyopigwa chapa chini ya mji wa leso. Halafu anatafuta maandishi mengine madogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, nyumba ya biashara ya Mombasa ambayo imekuwa ikiuza leso tangu mwishoni mwa miaka ya 1800. Majina ya leso yaliandikwa mwanzo kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi, mitindo ikabadilika mara nyingi isiyohesabika. Ile alama ikaendelea kutafutwa.

Mama yule hamjui Abdulla. Hajakaa naye baraza moja hata siku moja. Lakini akiona maneno yale yale, mahali pale pale, kwenye leso aliyonunua nyanyake na anayonunua yeye leo, moyo unatulia na mkoba unafunguka. Chapa ni hiyo. Kurudiarudia bila kubadilika ndiko kulikoijenga.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni Kongowea hilo ni kweli, kwa sababu embe unalishika, unalinusa, unalibonyeza kidogo muuzaji akigeuka. Kwenye simu hakuna cha kubonyeza. Embe zuri na embe bovu vyote ni picha tu, na mwenye embe bovu huenda ana kamera nzuri kuliko yako. Mteja analazimika kutafuta dalili nyingine za kumwambia kwamba wewe upo kweli na kesho utakuwepo. Jina ndilo dalili ya kwanza.

Jina moja, kila mahali

Fanya hesabu hii sasa hivi. Biashara yako ina majina mangapi? Kuna jina la ukurasa wa Facebook, ulioufungua miaka ile ukiwa bado unauza viatu. Kuna la TikTok, ambalo mpwa wako alilichagua. Kuna la WhatsApp, ambalo pengine ni "Mama Fulani" na picha ya mtoto siku ya kufunga shule. Kuna lililoandikwa mlangoni kwa rangi. Na kuna lile linalotokea mteja akitaka kulipa. Wengi wetu tukihesabu tunafika manne au matano. Kwako wewe ni biashara moja. Kwa mteja wa Chaani ambaye hajawahi kukuona, hao ni watu watano tofauti, na mmoja wao anaomba pesa.

Majina ya kurasa unaweza kuyarekebisha leo ukiwa umekaa. Jina la malipo linataka maelezo zaidi, kwa sababu linategemea njia unayopokelea.

Ukipokea kwa laini ya kawaida, kama namba yako ya M-Pesa au Airtel Money, linalotokea ni jina lililosajiliwa na laini hiyo, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Pochi la Biashara linakusaidia kutenga pesa za kazi na pesa za nyumbani kwenye namba ile ile, jambo zuri sana, lakini nalo limefungwa kwenye laini yako, kwa hiyo mteja bado anaona jina lako mwenyewe, si la duka. Namba ya till, iliyokuja na Lipa na M-Pesa mwaka 2013, inaweza kubeba jina la biashara. Paybill nayo inabeba jina la biashara na kumwachia mteja nafasi ya kuandika namba ya akaunti, ndiyo maana shule na vyama vya akiba huipenda. Kwa muuzaji wa madera au keki, till inatosha.

Sasa, kuwa na till si dawa peke yake. Watu wengi walisajiliwa haraka haraka na wakala aliyepita mtaani, jina likaandikwa vibaya au likaandikwa jina la biashara iliyokufa. Unauza samaki wa kukaanga Bombolulu, till inasema saluni. Mteja atajuaje? Rudi kwa aliyekusajili au kwenye ofisi ya kampuni ya malipo uliyo nayo, uwe na kitambulisho na karatasi za biashara, uombe jina lirekebishwe.

Na kama kwa sasa huwezi kubadilisha, sema mapema. Ni sentensi moja tu: "Ukilipa, jina litakalotokea ni hili, ndiye mimi mwenyewe mwenye duka." Ukiitanguliza, mteja akiona jina hilo anaona umesema kweli. Ukimweleza baada ya yeye kuuliza, tayari unajitetea. Kwenye WhatsApp Business, ambayo ni bure, unaweza kuihifadhi kama jibu la haraka ili usiiandike upya kila mara.

Tuongee pia kuhusu laini za kuazima, maana kina mama wengi huku kwetu wanauza kwa laini ya mume, ya kaka, au ya mtoto aliyekuwa wa kwanza kupata kitambulisho. Mambo yakiwa sawa, hakuna anayeona tatizo. Lakini laini ni ya yule aliyesajiliwa. Simu ikipotea, wewe huwezi kuirudisha laini bila yeye. Mkikosana, pesa za oda kumi za Idi ziko kwa jina lake. Akifariki, Mungu aepushe, utaanza kuzunguka maofisini kudai mauzo uliyoyafanya kwa mikono yako. Biashara unayotaka ijulikane kwa jina lako ianze kwa kupokea pesa kwa laini yako.

Jina lenyewe sasa

Kabla ya kuchapisha stika, lijaribu jina kwenye matatu. Si mzaha. Panda gari la kwenda Kiembeni muziki ukiwa juu, mwambie mwenzako jina la biashara yako mara moja, kisha umwambie aliandike. Akiliandika tofauti na unavyoliandika wewe, hilo jina litakupotezea watu. Wateja hutafuta kwa jinsi walivyosikia. Zile herufi za Z zilizopachikwa mahali pa S, na namba 4 iliyokaa katikati ya neno, zinapendeza kwenye karatasi na zinamficha mwenye duka asionekane.

Kutia jina la mtaa ndani ya jina la biashara kuna faida na hasara. Biashara yenye neno Likoni ndani yake inapatikana upesi na mtu wa Likoni anayetafuta kitu karibu. Siku ukihamia Magongo, umebeba jina la ng'ambo ya pili. Mimi ningeweka mtaa kwenye maelezo ya ukurasa na kuliacha jina lenyewe huru, lakini najua watu waliofanya kinyume na wakafanikiwa.

Ukishalipenda jina, hakikisha halina mwenyewe. Andika kwenye Google, Facebook, Instagram na TikTok uone nani analitumia. Kisha ingia eCitizen, kwenye huduma ya usajili wa biashara, uombe jina litafutwe na ulisajili. Cheti hicho ndicho utakachoulizwa ukienda kuomba till yenye jina la biashara au akaunti ya benki. Jambo ambalo wengi hawalijui: kusajili jina la biashara na kusajili alama ya biashara ni vitu viwili. Alama ya biashara husajiliwa na taasisi ya KIPI, ulinzi wake ni wa miaka 10 na unaweza kuongezwa. Kwa anayeanza, jina la biashara linatosha. Kwa anayefunga achari kwenye chupa na kuipeleka madukani, aanze kufikiria KIPI mapema.

Hili si la matajiri tu. Kati ya 2006 na 2008 kampuni moja ya Uingereza iliomba neno "kikoy" lisajiliwe huko kama alama yake, yaani kikoi hiki hiki tunachojifunga. Wakenya na watetezi wa biashara ya haki wakapinga, na ombi halikufika popote. Kama neno linalojulikana pwani nzima liliweza kuombwa na mtu wa mbali, jina la duka lako la Mwandoni ambalo hujaliandikisha popote linaweza kuchukuliwa na jirani.

"Bei njoo inboksi"

Hapa niruhusu nilalamike kidogo. Mtu ameona viatu, amevipenda, ameuliza bei hadharani. Anajibiwa, "Njoo inboksi." Anaenda. Anasubiri saa tatu. Anajibiwa kwa sauti ya dakika mbili. Kuna wauzaji wanaoamini kwamba kuficha bei kunaleta mazungumzo na mazungumzo yanaleta mauzo. Kwa mteja wa kawaida kuficha bei kunamaanisha kitu kimoja: bei inategemea sura yake. Ukishaonekana hivyo, hakuna nembo itakayokusafisha.

Weka bei. Kama inabadilika kwa ukubwa au idadi, weka bei ya kuanzia na useme inapanda kwa nini. WhatsApp Business ina sehemu ya katalogi: picha, maelezo, bei, na hudumu pale mpaka uondoe mwenyewe, tofauti na stetasi inayoondoka baada ya saa 24. Picha piga mwenyewe, dirishani asubuhi, mwanga ukiwa laini, kwa bidhaa uliyo nayo kweli. Picha ya kuokota mtandaoni ni ahadi iliyotolewa na mtu mwingine, na utakayelaumiwa isipotimia ni wewe.

Baada ya bei, mteja anataka kujua uko wapi. Anwani zetu ni za alama: mkabala na msikiti, nyuma ya pampu ya mafuta, shuka steji ya Kona Mpya uulize. Hizo zinafanya kazi, ziandike hivyo hivyo. Ongeza na kujiandikisha kwenye Google Maps, nako ni bure, ili mtu akitafuta "mahamri Mtongwe" au "fundi simu Port Reitz" upate kuonekana na aweze kumwelekeza mtu wa tuktuk. Kama unafanyia kazi nyumbani na hutaki wageni mlangoni, sema hivyo bila haya: "Hatuna duka, tunaleta, au tunakutana feri." Kutokuwa na duka si aibu. Kinachotia shaka ni kutosema.

Halafu kuna usafirishaji, na kwa sisi wa huku hapo ndipo majina mengi huharibika. Mombasa kwenye ramani ni mji mdogo. Chukua keki ya krimu kutoka Mlaleo uipeleke Likoni siku ya Jumamosi saa nane mchana. Inapita daraja la Nyali, inakatiza kisiwa, inashuka mpaka feri, inakutana na foleni, jua liko utosini, na bodaboda hana friji. Inafika imelala ubavu mmoja. Mteja anapiga picha, anaweka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na watu mia mbili ambao hawakuwahi kulisikia jina lako wanalisikia kwa mara ya kwanza hivyo.

Aliyeoka keki hakukosea jikoni. Alikosea alipoandika "tunaleta Mombasa nzima" bila kufikiria. Angeandika, "Likoni tunaleta asubuhi kabla ya saa nne, keki za krimu hatuvushi mchana," angepoteza oda chache na angebaki na jina. Kwenye feri anayevuka kwa miguu halipi, kwa hiyo wauzaji wengi wa vitu vidogo huvuka wenyewe na kumkabidhi mteja pale ng'ambo, wakapunguza gharama ya boda. Mwenye gari anayetoka upande wa Changamwe anaweza kupitia Dongo Kundu akafika pwani ya kusini bila kupanda feri kabisa. Jua njia zako, weka bei ya kila upande, na uandike: Kisauni kiasi hiki, Changamwe kiasi hiki, Likoni kiasi hiki na siku hizi. Ahadi ndogo unayoitimiza kila wiki inakujenga kuliko kubwa unayoiomba radhi.

Pesa ya kurudisha

Tukiulizwa ni kitu gani kimoja kinachojenga jina la biashara ndogo kuliko vyote, hatutasema matangazo ya kulipia. Tutasema kurudisha pesa ya mteja kabla hajaidai.

Fikiria mwezi wa Ramadhani. Oda za madera na kanzu zinamiminika, unachukua amana ya nusu, fundi anaahidi. Siku tatu kabla ya Idi fundi anaugua, au kitambaa kinakwisha mjini. Una wateja kumi na wanne wenye amana zao kwako. Kinachovutia ni kunyamaza, kuzima alama mbili za bluu, kuombea fundi apone. Wateja watajua usiku wa Idi, watoto wakiwa wanalia. Muuzaji mwingine anakaa chini siku hiyo hiyo, anawapigia mmoja mmoja: "Dada, nguo yako haitawahi. Pesa yako naituma sasa hivi, na ukitaka nguo baada ya Idi nitakupunguzia." Anabeba na ada ya kutuma. Inauma, haswa kama amana ishanunuliwa kitambaa. Lakini mtu aliyerudishiwa pesa bila kugombana hulizungumza jambo hilo mwaka mzima, kwa sababu halitokei mara nyingi.

Ili uweze kurudisha lazima amana iwepo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tenga pesa za oda ambazo hujazikabidhi, zisichanganyike na za unga na kodi ya nyumba. Till au Pochi inasaidia hapo, maana zinakaa kando. Daftari la shilingi hamsini linasaidia zaidi: tarehe, jina, oda, amana, salio, siku ya kukabidhi. Masharti yako ya amana nayo yaandike kwenye ukurasa: ni nusu au yote, inarudi lini, na kwa hali gani hairudi. Mteja akisoma kabla hajalipa, hamtagombana.

Tahadhari moja. Kurudisha pesa kuna matapeli wake. Mtu anakutumia ujumbe unaofanana na wa malipo, au skrinishoti, kisha anapiga simu kwa haraka: "Nimekosea, nimetuma zaidi, nirudishie." Usirudishe kwa kusoma ujumbe wala picha. Angalia salio lako mwenyewe, angalia orodha ya miamala, uone kama pesa iliingia kweli. Haikuingia, huna cha kurudisha. Iliingia kwa makosa, mwambie aliyetuma awasiliane na mtandao wake ili mwamala urejeshwe kwa njia rasmi.

Ushahidi wa wateja, na mipaka yake

Mnunuzi mgeni humwamini mnunuzi mwenzake kuliko wewe. Kwa hiyo omba maoni. Omba mapema, siku ile ile, kwa maneno ya kawaida: "Dada, dera limekukaa? Ukipata nafasi niandikie mstari mmoja pale Google." Lalamiko likija hadharani, lijibu hadharani, kwa upole, kisha ulimalizie faraghani. Usilifute. Wanaosoma wanatazama unavyojibu zaidi ya kilichotokea.

Ila kuna tabia imeenea: kubandika skrinishoti za malipo zenye majina kamili na namba za simu za wateja ili kuonyesha kwamba biashara inakwenda. Nyingine ni kuweka picha za wateja waliokuja dukani bila kuwauliza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data haichezi. Mwezi Septemba 2023 iliitoza sehemu moja ya starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ukiacha faini, fikiria mama aliyekununulia zawadi ya siri, au mtu ambaye hataki jirani ajue ana uwezo gani. Ziba jina, ziba namba, na kwa picha uliza kwanza. "Naweza kuiweka?" haigharimu kitu, na mara nyingi mteja hutengeneza ushungi akasema piga tena.

Siku utakayoigwa

Jina likianza kuvuma, atatokea mtu atakayelichukua. Ataiba picha zako, atafungua ukurasa unaofanana na wako, ataweka bei ya chini kidogo na namba yake ya kupokelea. Watu watalipa, hawatapata kitu, na watakuja kulia kwako.

Siku hiyo ndipo kazi yote ya jina moja inapolipa. Kama umezoea kuwaambia wateja kila wiki, "Till yetu ni moja tu, jina linalotokea ni hili, hatupokei kwa namba ya mtu," basi anayetaka kumlipa mwizi ataona jina geni na atasimama. Kama wewe mwenyewe ulikuwa ukibadilisha namba kila mwezi, leo ya kaka, kesho ya mfanyakazi, umewafundisha wateja wako kutouliza. Mwizi hatakuwa na kazi ngumu.

Ukigundua ukurasa wa uongo, piga picha za skrini kabla haujafutwa, uripoti kwa mtandao husika, tangaza kwenye kurasa zako halisi, na kama kuna aliyepoteza pesa apeleke taarifa polisi. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni kwa ajili ya kutapeli ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018. Kampuni ya malipo nayo iarifiwe namba iliyotumika, mapema iwezekanavyo, kabla pesa hazijatolewa.

Na milango yako mwenyewe ifunge. WhatsApp ikikutumia namba ya tarakimu sita, hiyo ni funguo ya akaunti. Anayeipigia simu akiomba "umsomee tu" anataka kuhamisha duka lako zima kwenda kwenye simu yake. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wawili unaowaamini, ili simu yako ikidondoka baharini pale feri usipoteze wateja wa miaka minne. Namba ya siri ya malipo usimpe hata msaidizi wa duka. Kampuni nyingi za malipo zina njia ya kumpa msaidizi ruhusa ya kuona malipo yaliyoingia bila kuweza kutoa pesa. Uliza yako.

Kabla hujalala leo, mwombe mtu wa nyumbani akulipe shilingi 10 kwa njia ile ile unayowapa wateja. Usimsaidie. Mwache aingize namba, kisha umuombe simu, usome jina lililotokea, na ulilinganishe na lililoandikwa kwenye ukurasa wako.